Jini Bila Kiti: Upokezi wa Mchezo wa Kutisha Resident Evil 5 kwa Mchezaji Msemaji wa Kiswahili wa Bilele, Bukoba

1.0 Utangulizi

Mpenzi wa mfululizo wa kazi za sanaa hafiki kwenye sehemu ya tano akiwa mikono mitupu. Anakuja na wahusika anaowajua, hofu alizokwisha kuzishinda, na deni la maswali ambayo sehemu zilizotangulia hazikuyajibu. Hans Robert Jauss, katika hoja zake za mwaka 1967, aliuita mzigo huo upeo wa matarajio. Kazi mpya huweza kuutimiza upeo huo, kuuvunja au kuusogeza.

Resident Evil 5, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi Machi 2009, ni mwendelezo wa mfululizo ulioanza mwaka 1996, ambao nchini Japani huitwa Biohazard. Matukio yake yanafanyika Kijuju, mahali pa kubuni panapotajwa kuwa Afrika Magharibi. Hata hivyo, maadui wanaomkabili mchezaji huko hupiga kelele kwa Kiswahili, na kundi lao limepewa jina la Kiswahili: Majini.

Makala hii inahakiki upokezi wa mchezo huo kwa mpenzi wa mfululizo aliyekulia Bilele, kata iliyomo katika Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, ambaye Kihaya ni lugha ya nyumbani kwao na Kiswahili ni lugha ya shule, soko na barabara. Mchezaji huyu ni wa kinadharia. Si mtu aliyehojiwa, bali ni nafasi ya usomaji ambayo mchezo wenyewe unaiacha wazi bila kuikusudia. Hoja kuu ni kwamba mchezo uliazima neno la Kiswahili lakini ukaiacha nje maarifa yaliyomo ndani ya neno hilo, na kwamba pengo hilo linaonekana wazi kwa mpenzi anayeifahamu lugha kuliko kwa mhakiki yeyote anayeutazama mchezo kwa mbali.

2.0 Matarajio ya Mpenzi

Mpenzi anapoanza kucheza anataka mambo mawili. Kwanza, anataka kumwona tena Chris Redfield, mhusika aliyekuwamo tangu mchezo wa mwaka 1996, na kujua mwisho wa uhasama wake na Albert Wesker. Pili, anataka kujua yaliyompata Jill Valentine, mwenzi wa Chris anayedhaniwa amekufa. Shauku hiyo ndiyo injini ya masimulizi. Chris anaendelea na safari hata pale anapoweza kurudi, kwa sababu ameona dalili kwamba Jill yu hai.

Matarajio ya tatu yanahusu umbo. Katika Resident Evil 4 (2005), iliyoongozwa na Shinji Mikami, maadui hawakuwa tena maiti zinazotembea. Walikuwa wanakijiji wa Uhispania walioingiliwa na vimelea vya Las Plagas. Waliitwa Ganado, neno la Kihispania lenye maana ya mifugo, na walipiga kelele kwa Kihispania. Lugha isiyoeleweka ilikuwa sehemu ya kitisho: mchezaji alisikia watu wakipanga jambo juu yake asijue ni jambo gani. Resident Evil 5 inairudia mbinu hiyo, ila inabadilisha bara na lugha.

Hapo ndipo upeo wa matarajio unapovunjika. Mbinu inategemea mchezaji asiyeelewa. Msomaji aliyedokezwa na matini, kwa istilahi ya Wolfgang Iser, ni mtu ambaye Kiswahili kwake ni kelele. Mchezaji wa Bilele anakaa kwenye kiti ambacho hakikuandaliwa kwa ajili yake. Pale mhamasishaji mwenye kipaza sauti anapouchochea umati kabla ya Reynard Fisher kuuawa hadharani, wachezaji wengine wanasikia sauti ya vurugu. Yeye anasikia watu. Kelele kwa mwingine ni kauli kwake, na kauli hudai msemaji.

3.0 Jini, Kiti na Mganga

Ndani ya mchezo, neno "majini" linaelezwa kuwa la Kiswahili na kufasiriwa kama pepo wabaya. Fasiri hiyo si uongo, lakini haitoshi. Katika fikra za Waswahili, jini ni kiumbe anayetoka nje ya mtu. Anapompanda binadamu, binadamu huyo huitwa kiti chake. Kiti hakigeuki kuwa jini. Ndugu wanaendelea kumwita kwa jina lake, wanampeleka kwa mganga, ngoma inapigwa, na jini anaulizwa jina, atokako na anachotaka. Kupunga ni mazungumzo. Huenda yakashindikana na huenda yakachukua miaka, lakini msingi wake ni kutofautisha aliyepanda na aliyepandwa.

Jambo hilo si la mwambao peke yake. Katika Buhaya, ibada zinazohusishwa na Bacwezi ziliwahusu Wamara, Mugasha wa ziwa na Irungu wa nyika kwa kupitia embandwa, yaani watu waliowekwa wakfu ili wawe vinywa vya nguvu hizo. Hapo pia kinywa si mali ya anayesema kwa kupitia kwake. Mchezaji wa Bilele, hata awe Mkristo au Mwislamu asiyewahi kuhudhuria ibada za namna hiyo, ameirithi mantiki yake katika lugha anazozisema.

Kwa mantiki hiyo, mchezo umekosea mahali pa kulibandika neno. Wanaostahili kuitwa majini ni vimelea. Watu wa Kijuju ni viti. Kwa kuwaita watu wenyewe Majini, mchezo unaziba nafasi kati ya mgonjwa na ugonjwa, na tiba pekee inayobaki ni risasi. Sarufi ya Kiswahili yenyewe inapinga: nomino "majini" huchukua upatanisho wa viumbe hai, na mchezaji anayesimulia kwa wenzake hawezi kusema ila "wanakuja", "wamenizunguka", "wamekufa". Hata akiwaita majini, kiambishi kinawarudisha kwenye kundi la wenye uhai.

Kosa hilo lingeweza kuchukuliwa kuwa la tafsiri tu, lau mchezo usingeonyesha kwamba unajua kupunga. Mwishoni mwa sura ya tano, Jill anapatikana akiwa ametawaliwa kwa kemikali anayotiwa mwilini na kifaa kilichobandikwa kifuani. Anawashambulia Chris na Sheva kwa nguvu zisizo zake. Masharti ya mchezo hapo yanabadilika ghafla: mchezaji hatakiwi kumuua. Anatakiwa kumshika, kumwita kwa jina lake na kukibandua kifaa. Chris anatofautisha aliyepanda na aliyepandwa, sawasawa na mganga wa ngoma. Jill anapona.

Mpenzi anafurahi, kwa maana ndilo alilolisubiri. Lakini akiwa msemaji wa Kiswahili hawezi kuepuka hesabu ya tukio hilo. Kiti kimoja kimepungwa, nacho ni cha mhusika mwenye jina. Viti vingine vyote, vilivyokuwa vikisema lugha ya mchezaji, vimevunjwa njiani. Haki ya kutofautishwa na ugonjwa wako imetolewa kwa mtu mmoja. Ni kweli kwamba vimelea vya Kijuju havibanduki kama kifaa cha kifuani, lakini tofauti hiyo ya kitabibu ni uamuzi wa waandishi wa mchezo, si sheria ya maumbile.

4.0 Maradhi Yanayotoka Nje

Mchezo haukosi ushahidi dhidi yake wenyewe. Miongoni mwa maandishi yanayookotwa njiani imo shajara ya kijana wa kijijini, Mndipaya, inayoeleza jinsi wageni walivyofika na kuwapa watu chanjo, na jinsi jamii ilivyobadilika baadaye. Nyuma ya wageni hao ipo Tricell, kampuni yenye maslahi ya kibiashara barani Afrika. Kwa hiyo hadithi, kwa maandishi, inawashutumu wanaolifanya bara kuwa maabara. Shida ni mgawanyo wa njia za mawasiliano. Shutuma ipo kwenye karatasi ambayo mchezaji anaweza kuipita bila kuifungua. Kitisho kipo kwenye miili ya watu ambayo hawezi kuipita bila kuipiga.

Kwa Kagera, mgawanyo huo hauwezi kuwa suala la mbinu tu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania, mwaka 1983, walitoka mkoani humo. Katika miaka hiyo ya mwanzo watu waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo iliyoletwa na biashara ya mpakani kutoka Uganda. Maradhi yalipewa jina la kitu kilichotoka nje, yakaingia nyumbani na kuacha yatima. Mwezi Machi 2023 mlipuko wa kwanza wa virusi vya Marburg nchini ulitangazwa mkoani humohumo. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, walikuwa wamehesabika wagonjwa 9, na 6 kati yao walifariki dunia.

Historia hiyo inampa mchezaji wa Bilele elimu ambayo mchezo hauna. Anajua kwamba aliyeambukizwa ana mama, ana mhudumu anayemsogelea akiwa amevaa mavazi ya kinga, na ana kaburi ambalo watu wanagombea namna ya kulifikia. Maambukizi katika kumbukumbu ya Kagera hayamfanyi mtu kuwa adui. Humfanya kuwa mzigo wa wengine na wajibu wao, na pengine aibu yao. Unyanyapaa uliowapata wagonjwa wa miaka ya 1980 ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, kosa lilelile la kumwita kiti kwa jina la jini.

5.0 Mabishano Mawili

Uhakiki wa mchezo huu umevutwa na pande mbili. Trela ya mwaka 2007 ilipoonyesha askari Mzungu akiwafyatulia risasi Waafrika, lawama zilifuata. Mwaka 2008 N'Gai Croal, aliyekuwa mwandishi wa michezo ya video wa jarida la Newsweek, alieleza kwamba taswira hizo zina historia na haziwezi kutumiwa kana kwamba ni mpya. Hoja hiyo ina ukoo na mhadhara wa Chinua Achebe wa mwaka 1975 kuhusu Joseph Conrad, uliohoji Afrika kufanywa pazia la nyuma la msukosuko wa roho ya Mzungu. Upande wa pili ulijibu kwamba mwaka 2005 waliouawa walikuwa Wahispania na hakuna aliyelia.

Upande wa kwanza una haki juu ya taswira, lakini hauelezi kwa nini Mwafrika anaweza kuupenda mchezo huu kwa dhati. Mchezaji wa Bilele haupendi kwa kudanganyika. Anaupenda kwa ugumu wake, kwa uhaba wa risasi unaomlazimisha kufikiri, na kwa ushirikiano wa wachezaji wawili walioketi bega kwa bega, mmoja akiwa Chris na mwingine Sheva Alomar, yatima wa Kiafrika aliyewapoteza wazazi kwa sababu ya Umbrella. Kumwambia kwamba mapenzi hayo ni ujinga ni kumnyima usomaji wake kwa mara ya pili.

Upande wa pili unatoa hoja yenye uzito kuliko wenyewe unavyodhani. Ni kweli kwamba mpenzi huyo alicheza Resident Evil 4 bila kuwauliza Ganado habari za mama zao. Kihispania kwake kilikuwa kelele. Alikaa kwenye kiti cha msomaji aliyedokezwa, akakiona kiko sawa. Hapo haipatikani hoja ya kuusamehe mchezo wa tano. Inapatikana hoja ya kuurudia ule wa nne.

6.0 Hitimisho

Fasihi ya Kiswahili imezoea nchi za kubuni na mizimu. Shaaban Robert aliijenga Kusadikika (1951) ili watawala wa kweli wasikie kesi yao, na Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) aliweka hofu ya mzimu mbele ya upelelezi wa Bwana Msa ili ichunguzwe. Katika kazi zote mbili, kitu cha kubuni kinafungua mlango wa kuuliza. Kijuju, jina lililounganisha sura ya ngeli ya KI na neno la Afrika Magharibi la hirizi, kinaufunga mlango huo mahali ambapo neno "jini" lingeufungua.

Hata hivyo, mwendelezo huu umefanya jambo ambalo watunzi wake hawakulikusudia. Kwa kuweka Kiswahili kinywani mwa wanaouawa, umemfundisha mpenzi mmoja kwamba katika kila sehemu ya mfululizo zilikuwapo kelele ambazo kwa mtu mwingine zilikuwa lugha. Mwendelezo kwa kawaida husogeza hadithi mbele. Kwa mchezaji wa Bilele, huu umeirudisha nyuma hadi kwenye kijiji cha Uhispania, ambako watu waliitwa mifugo na hakuna aliyewauliza majina. Uhakiki wa michezo ya video kwa Kiswahili una kazi ya kuanzia hapo: kuuliza ni nani anayesikia nini, na kiti ni cha nani, kabla ya kuuliza kama mchezo unatisha.