Hodi ya Bonde

Kwa Kiswahili mtu hupiga picha, kama apigavyo ngoma, pasi au hodi. Kwa miaka mingi nilidhani picha ni ndugu wa ngoma: kishindo kimoja, basi. Malambo ndiko nilikotambua kwamba undugu wake ni na hodi. Unabisha, kisha unangoja.

Malambo iko wilayani Ngorongoro, upande ambao wageni wengi hawafiki, kwa kuwa barabara ya kreta huwapeleka moja kwa moja Serengeti. Huku ni majivu ya volkano yaliyogeuka vumbi, tambarare za Salei, milima ya Gol, na kusini-mashariki Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu. Mto Sanjan ni wa msimu. Maji yakishapita, kinachobaki kutiririka bondeni ni mwanga.

Kamera, hata iwe ya bei gani, hutaka kila kitu kiwe kijivu. Ielekeze kwenye kilele cheupe cha Lengai, itakitia giza. Ielekeze korongoni, italimwagia mwanga mpaka kivuli kipauke. Na weupe ule wa kilele si theluji. Lava ya mlima huu, ambayo hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa, hutoka nyeusi. Ikiguswa na unyevu wa hewa, inageuka nyeupe. Picha zangu za kwanza, kamera ikiwa imefuata kivuli cha korongo, zilikipoteza kilele chote, pakabaki doa tupu angani. Ufundi ulianza siku nilipoacha kuiachia kamera uamuzi: nikapima mwanga penye weupe, kivuli nikakiacha kiwe kivuli. Tunaliogopa mno giza katika picha. Bonde lisilo na giza halina kina; ni ukuta uliopakwa rangi.

Karibu na ikweta jua huzama wima, halilalii upeo, kwa hiyo nuru ile ya rangi ya asali haidumu hata nusu saa. Machi na Septemba, jua la adhuhuri likipita utosini, kuta za korongo hukosa mikunjo yote. Huo ni wakati wa kukaa chini ya mgunga na kunywa chai. Jioni moja nilikuwa nafungasha vyombo mapema, mchungaji aliyekuwa akipita akanishauri nisubiri: mbuzi wake walikuwa hawajageuza vichwa kurudi bomani. Nikasubiri. Walipogeuka, mwamba ukawa mwekundu. Tangu siku hiyo, kabla ya kutazama saa, natazama mifugo.

Katika korongo la Olkarien, tumbusi wa Rüppell hujenga viota kwenye kuta za mwamba. Siwezi kuwatazama bila kumkumbuka Michael Grzimek, aliyekuwa akirekodi filamu ya Serengeti pamoja na baba yake, Bernhard. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ya Michael iligongana na tumbusi, ikaanguka. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu ikatoka mwaka huohuo, ikapata Oscar. Kazi hii ya kufuata mwanga ina watu walioilipia kwa uhai wao, nami namheshimu kila aliyeifanya kwa dhati.

Kivuli kinaupanda ukuta wa mashariki. Mwanga umebaki juu kabisa, upana wa kiganja. Tumbusi mmoja anarudi, anauingia, mbawa zake zinawaka kwa chini. Nabonyeza.