Heko fundi wa kabureta

Mafundi wanaozihuisha pikipiki kuukuu kama Honda CG125, iliyoingia sokoni 1976, wanastahili pongezi, hasa kwa subira yao. Pikipiki ikizimazima, mwenye papara hukimbilia kufungua kabureta. Fundi wa kweli huanzia kwenye tangi. Huchomoa mpira wa mafuta, hufungulia koki na kutazama petroli inavyotiririka. Ikianza vizuri kisha ikafifia, hulegeza kifuniko cha tangi. Mtiririko ukirudi, basi tundu la hewa limeziba. Usiporudi, hushuku kutu kwenye chujio la koki.

Kabureta huja baadaye. Pikipiki ikizima kila ukiachia mafuta, mara nyingi jeti ndogo imeziba. Tundu lake ni jembamba mno, na wanaolichokonoa kwa waya hulipanua wakaiharibu jeti kabisa. (Hao wasiitwe mafundi.) Petroli ikimwagika, huangaliwa boya na sindano yake. Na kabla ya kuwasha, fundi hunusa oili: ikinuka petroli, humwagwa yote, maana oili iliyozimuliwa hailindi injini.

Kazi hii huweza kula asubuhi nzima bila kipuri kipya hata kimoja. Tafadhali, usimpunje fundi kwa sababu hiyo.