Ndugu wa Kusini Asiye na Jina

Kati ya makala 85 za kitabu kiitwacho The Federalist, zinazosifiwa zaidi ni ya 10 na ya 51. Zinastahili. Katika ya 51 James Madison anaeleza vizuri mno kwa nini Wamarekani waligawa mamlaka baina ya Bunge, Rais na Mahakama, kila mwenye cheo akawekewa mwingine wa kumzuia. Lakini msomaji anayetaka kuijua Katiba ile mpaka mifupani, na asome ya 54.

Makala hizo, kazi ya Alexander Hamilton, Madison na John Jay, zilianza kutoka katika magazeti ya New York mwaka 1787 ili kuwashawishi watu wa huko waikubali Katiba iliyotiwa saini Philadelphia mwezi Septemba. Wote watatu walijificha nyuma ya jina moja la Kirumi, Publius.

Makala ya 54, ambayo huhesabiwa kuwa ya Madison, ilikuwa na mzigo mzito. Katiba iliamua kwamba viti vya Baraza la Wawakilishi vigawanywe kwa idadi ya watu, na kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Watumwa hawakuwa na kura. Hesabu yao iliwaongezea viti mabwana zao. Publius atalitetea vipi jambo hilo?

Anapisha. Anamleta ndugu wa Kusini asiye na jina, anamfungulia alama za mtajo, na sehemu kubwa ya makala inasemwa na mgeni huyo. Hoja yake ni kwamba sheria humwona mtumwa kuwa mali, kwa kuwa huuzwa. Na humwona kuwa mtu, kwa kuwa huadhibiwa akimdhuru mwingine. Basi Katiba nayo imhesabu hivyo hivyo, mali kidogo na mtu kidogo. Kisha Publius anarudi, anakiri kwamba pengine hoja imevutwa kwa nguvu mahali fulani, ila yeye imemtosha.

Sasa, Madison alikuwa mtu wa Virginia, na alimiliki watumwa. Ndugu wa Kusini ni yeye mwenyewe! Atakayesema hii ni mbinu tu ya mabishano simkatalii, lakini mbona hakuihitaji alipotetea mgawanyo wa mamlaka? (Niliwaambia siku zote walimu wanafunzi wangu: mchunguzeni mwandishi pale anapobadili sauti.)

Tena mgeni huyo anateleza. Anasema kwamba ni sheria iliyowageuza watu hao kuwa mali, na sheria ikiwarudishia haki zao, hawataweza kunyimwa sehemu sawa ya uwakilishi. Hilo ndilo neno zito kuliko yote katika makala nzima, nalo limepitwa mbio, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya anayemdai.

Sensa ya kwanza, ya mwaka 1790, ilikuta Virginia watumwa wapatao 292,000. Viti vilipogawanywa upya, jimbo hilo likapata 19, na Massachusetts 14. New York yenyewe, waliko wasomaji wa Publius, ilikuwa na watumwa hadi 1827. Hesabu ya watatu kwa watano ilifutwa katika Katiba mwaka 1868, Madison akiwa amekwisha kufa miaka 32.