Marashi Kwenye Glasi

Shangazi yangu ni mlokole, pombe haigusi. Jioni moja alipita nyuma ya kiti changu, akainamia glasi, akanusa. "Mbona leo mnakunywa marashi?" akauliza, kisha akaenda zake jikoni kuangalia pilau.

Hakukosea sana. Divai ile ilikuwa Gewürztraminer ya Alsace, mashariki mwa Ufaransa, na harufu yake ni ya waridi na ya laichi, lile tunda lililo ndugu wa shokishoki wa Zanzibar. Wala si porojo za wanywaji. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliipima divai hiyo pamoja na laichi, wakakuta vyote viwili vina kemikali ileile inayopatikana kwenye mafuta ya waridi.

Jina lake ni la Kijerumani: Gewürz ni kiungo cha chakula, na Tramin ni kijiji cha kaskazini mwa Italia. Si ajabu kulikuta Ufaransa, kwani Alsace ilibadilishiwa bendera mara nne kati ya 1871 na 1945.

Ninayemvulia kofia ni mkulima wake. Mzabibu huu huchipua mapema, kwa hiyo jalidi ya Aprili huukuta na machipukizi mabichi. Zabibu zikikaribia kuiva, ganda hugeuka rangi ya waridi lililopauka, na hapo roho ya mkulima haitulii tena. Harufu huchelewa kuja, ilhali sukari inapanda na uchachu unashuka. Akivuna mapema, atapata divai isiyonukia kitu. Akichelewa, pombe itafika asilimia 14 au zaidi, na divai italala ulimini kama asali iliyotiwa maji. Ndiyo maana asubuhi hupita safu hadi safu, anachuma punje moja hapa, nyingine kule, anaitafuna na ganda lake, kisha anatema mbegu kiganjani aone kama zimekuwa za kahawia. Vipimo vya sukari anavyo mfukoni. Bado anatafuna.

Harufu hiyo imekaa kwenye ganda, na uchungu nao umekaa hapohapo. Juisi ikiachwa na maganda kwa saa chache, hutoka na marashi. Ikizidishiwa, hutoka na ladha ya dawa. Kwa hiyo hukamuliwa polepole, kwa mkono usio na pupa.

Wenyewe Alsace huinywa na Munster, jibini laini lenye ganda la rangi ya chungwa, linalonuka hadi mgeni akadhani limeoza. Pembeni huwekwa kibakuli cha mbegu za kisibiti. Jibini hili huzimeza divai nyingi nyeupe. Hii huketi nalo bila wasiwasi.

Mimi naipendea pilau. Mdalasini, iliki na karafuu vinaijua harufu ile. Ila kachumbari ya ndimu ikae mbali: divai yenyewe ina uchachu mdogo, na ndimu ikitangulia mdomoni, kinachofuata ni kama maji. Pilipili nayo isizidi, maana pombe nyingi juu ya pilipili ni kuchochea moto. Ukiitaka pilau kali, tafuta chupa iliyobakiwa na sukari kidogo. Wapo wanaosema divai hii inafaa "chakula cha Asia". Kauli hiyo naiona ya kivivu, kana kwamba bara zima linapikia sufuria moja.

Tena isipoozwe kupita kiasi. Jioni ile chupa ilitoka kwenye friji kama barafu. Tulimimina, tukanusa, hatukupata kitu, tukaziacha glasi mezani tukisubiri pilau ikauke na tukasahau kabisa kama zipo. Shangazi alipopita ndipo divai ilikuwa imeanza kufunguka, na kati yetu sote yeye ndiye aliyeipata wa kwanza.