Kibaraza Kimezibwa, Nyumba Imeharibika

Mliopita mtaa ule wa Oysterbay tangu mabati ya ujenzi yaondolewe mmeiona: nyumba ya chini, ya enzi za mkoloni, imekarabatiwa mpaka inang'aa. Paa limepauliwa upya, nyaya na mabomba yamebadilishwa. Kazi safi, fundi apewe haki yake. Lakini kibaraza cha upande wa bahari kimezibwa kwa vioo ili sebule iongezeke, na kosa hilo moja limeiharibu nyumba nzima.

Aliyechora ramani ile hakubahatisha. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta: jua la saa sita hulipiga paa, kuta huteswa na jua la asubuhi na la jioni. Kibaraza kile kipana, kilichotazama kaskazini-mashariki, kilikuwa kinashusha kivuli ukutani kadiri jua lilivyopanda. Tena kilipokea kaskazi, upepo unaovuma Desemba hadi Machi, miezi ileile ya joto kali. Upepo huo ukiingia kwa luva za sebuleni, ulitokea madirisha ya vyumba vya nyuma, na hewa moto ilipanda ikatokea kwenye matundu ya juu ya ukuta.

Leo pana vioo vya aluminiamu vya kusukuma. Dirisha la kusukuma lenye mapande mawili, hata ulifungue lote, hukupa nusu tu ya uwazi. Luva zilikupa karibu wote. Kioo hupitisha jua la asubuhi, sakafu na makochi hulinyonya, joto likabaki humohumo. Matundu ya juu nayo yamezibwa na dari la jipsamu. Ndiyo maana viyoyozi vinne vimening'inia ukutani. Mwenye nyumba amelipia vioo mara moja, na joto lake atalilipia kwa LUKU kila mwezi.

Halafu pavingi! Nimelisema hapa mara nyingi na sichoki. Mwembe umekatwa, vitofali vimetandazwa uani hadi kwenye uzio, maji ya masika yanamiminika barabarani. Na ukuta wa uzio wenyewe ni mrefu kiasi kwamba upepo unakwama kabla haujakifikia kioo. Tangu nyumba za Serikali zilipouzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mitaa hii imekuwa ikishindana kujifungia.

Wazee hawakufanya hivi. Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kuchora hapa kabla ya Uhuru, aliupa usasa wake kivuli na nafasi ya hewa. Beda Amuli aliliezeka Soko la Kariakoo miaka ya 1970 kwa miavuli ya zege iliyopinduliwa, hewa ikapita chini yake. Soko zima liliweza, sebule ya familia moja inashindwaje?

Kama sebule ilikuwa ndogo, ingeongezwa nyuma, upande wa jikoni, ambako kiwanja kipo. Vioo vitolewe, luva zirudi, matundu yazibuliwe. Nawe unayejiandaa kukarabati nyumba ya wazazi, kabla hujamlipa fundi aluminiamu, kaa kibarazani saa nane ya mchana mwezi wa Januari, kisha uamue.