Fomu Njema Hujulikana Mtandao Ukikatika

Nikipewa fomu ya tovuti niikague, kwanza najaza sehemu zote, kisha nakiacha kitufe na kubonyeza Enter. Isipotuma, mara nyingi aliyeiandika ametega sikio kwenye kitufe badala ya fomu yenyewe. Fundi makini husikiliza tukio la submit, maana huja kwa kitufe na kwa Enter vilevile, tena baada ya kivinjari kukagua sehemu za lazima. Anayeita form.submit() katikati ya msimbo ameuruka ukaguzi huo. requestSubmit() ndiyo inayopitia mlangoni.

Halafu nazima JavaScript na kutuma tena. Fomu isiyotajiwa method, kivinjari huichukulia kuwa ni GET na kuyamwaga yote yaliyojazwa kwenye anwani ya ukurasa. Nimewahi kuiona nywila yangu imeanikwa pale juu, herufi kwa herufi.

Lakini ufundi hasa uko baada ya kutuma. fetch ya JavaScript, inayopeleka ombi kwa seva, hailalamiki seva ikijibu kwa kosa la 404 au 500. Kwake, jibu ni jibu. Hulalamika pale tu jibu lenyewe lisipoifikia. Asiyekagua response.ok huandika “Asante, tumepokea” ilhali seva imeanguka na hakuna kilichohifadhiwa. Sijaona kosa zito kuliko hilo, kwa kuwa linamdanganya mtu. Niliwahi kutuma maombi ya kazi kwa fomu iliyonishukuru vizuri sana, nikakaa wiki tatu nikisubiri simu. Nilipopiga mwenyewe, jina langu halikuwemo.

Kisha nashusha kasi ya mtandao kwa zana za kivinjari na kubofya mara mbili harakaharaka, kama afanyavyo yeyote mwenye bando la kuungaunga akiona kimya. Kitufe kizimike papo hapo, kiandike “Inatuma…”, ombi liende moja tu. Nikikata mtandao kabisa, kiwake tena: anayejua huiweka amri hiyo kwenye finally, itekelezwe iwe heri, iwe shari.

Na maneno yangu? Nikiwa nimeandika maelezo ya aya tatu, halafu namba ya simu ikawa na upungufu, aya zibaki kama nilivyoziacha, kishale kisimame kwenye namba, na chini yake niandikiwe waziwazi: “Namba imepungua tarakimu moja.”