Nipe Mji

Wahakiki wetu wameandika mengi juu ya utenzi, tarabu na shairi la vina, lakini mchezo wa kuuliza na kujibu wamewaachia watoto na mabibi. Hili ni jambo la kustaajabisha, kwani ushairi wetu mkongwe umejengwa juu ya mchezo huo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mvita alikuwa akijibizana kwa beti na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu. Pemba nayo ina Kamange na Sarahani, ambao habari na tungo zao zilikusanywa katika kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutoka mwaka 2011. Shairi la namna hiyo lilitoka mkononi mwa mtunzi likitazamia jibu, na mwenye kujibu, kwa ada, aliingia katika bahari ile ile na kufuata mizani ile ile aliyoikuta. Swali lilikuwa ukumbi, na jibu liliketi ndani yake.

Nimekumbushwa haya na mchezo mpya nilioukuta Ibadakuli, kata iliyo nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ulipo uwanja wa ndege wa mkoa. Nilikwenda huko kwa kazi ya tafsiri. Wapo huko vijana waliosoma skuli moja, na sasa wametawanyika: mmoja Kahama, mmoja Geita, mmoja Dar es Salaam, na wengine wamebaki nyumbani. Kila usiku mmoja wao huwatumia wenzake swali kwa simu. Mji mkuu wa Australia ni upi? Pweza ana mioyo mingapi? Sharti ni kwamba asiyejua asilitafute jibu penginepo. Hakuna zawadi wala mwamuzi, na aliyepatia usiku huu ndiye atakayeuliza kesho. Wenyewe huuita chemsha bongo, kwa jina lile lile lizoeleweka magazetini na redioni.

Wapo watakaosema kwamba mchezo huu haustahili kutajwa katika kurasa za ushairi. Hoja yao naijua: kitendawili hufikirisha, chemsha bongo hukaririsha, kitendawili kina taswira, chemsha bongo ina habari tu. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni kweli. Sehemu ya kwanza haisimami. Tuchukue kitendawili kijulikanacho na kila mtoto: Nyumba yangu haina mlango. Jibu lake ni yai. Mtoto mwenye akili akijibu kwamba ni kaburi, ataambiwa amekosa, ingawa jibu lake limetimia kwa kila kipimo cha fikra. Waama, vitendawili vingi tunavyotegeana tumevipokea pamoja na majibu yake, na bingwa wa baraza ni yule aliyesikia vingi na akavihifadhi. Kumbukumbu ndiyo mtaji wa michezo yote miwili. Anayeutukuza mmoja kwa kuutweza mwingine kwa sababu hiyo hajautazama mchezo anaoupenda.

Basi tofauti iko wapi? Naiona katika mambo matatu.

La kwanza ni idhini. Huku pwani mwenye swali hubisha hodi kwa kusema, ‘Kitendawili!’ na wenzake humruhusu kwa kusema, ‘Tega!’ Wasukuma, wenyeji wa Ibadakuli, husema, ‘Kalagu!’ na huitikiwa, ‘Kize!’, yaani, na kije. Msomaji apime maneno hayo mawili. Sisi tunamwambia mwenzetu aweke mtego, na tukifaulu tunautegua. Wao wanamwambia akilete kama anavyoletwa mgeni. Mimi mfasiri nimehangaika sana na kize. Nikiliweka tega mahali pake, mchezo unakuwa wa windo. Nikiliweka kije, msomaji wa pwani haoni kwamba hapo kuna ada. Mapadri Donald Sybertz na Joseph Healey walishughulikia kwa miaka mingi fasihi simulizi ya Wasukuma na kutoa kitabu chao cha Kiingereza mwaka 1996; mimi naona kwamba mwito huu ni sehemu ya kitendawili chenyewe. Swali lisiloombewa ruhusa ni mtihani, hata likiulizwa kwa kicheko.

La pili ni ushahidi. Ukiniambia kwamba kamba yako ndefu haifungi kuni, na jibu ni njia, sina haja ya kwenda kwa mwalimu kuuliza kama ni kweli. Njia naiona mlangoni. Ukisema kuku wako katagia miibani, mtoto wa Ibadakuli anayajua mananasi yanayotoka Geita, na mwiba wake umekwisha kumchoma. Hakimu wa kitendawili ni dunia inayoonekana na wote waliokaa barazani. Lakini pweza na mioyo yake mitatu, ambayo kweli ni mitatu, ni habari ya namna nyingine. Kijana wa Shinyanga aliyelijibu swali hilo hajapata kuiona bahari. Mvuvi wa Makunduchi anayempiga pweza juu ya jiwe tangu utoto wake huenda asijue kwamba ana zaidi ya moyo mmoja. Ujuzi wa chemsha bongo hauna kwao. Ndiyo maana unatafsirika bila taabu kwa lugha yoyote, na ndiyo maana mfasiri hapati raha ndani yake.

La tatu ni faini, na hili ndilo nililoliandikia makala haya. Katika kitendawili, asiyejua haachwi akakaa kimya. Anaambiwa, ‘Nipe mji.’ Naye hutoa mji: Mombasa, Unguja, Tanga, Mwanza, wowote autakao. Mwenye swali anaweza kuukataa mji mdogo akadai mkubwa. Akiridhika, katika namna nyingi za mchezo huu, husafiri kwa maneno mpaka huko, akasimulia alivyopokewa na alivyokula, kisha ndipo akatoa jibu. Tuizingatie busara ya sharti hili. Yule ambaye hana neno la kusema anapewa neno la kusema. Aliyeshindwa ndiye anayegeuka mtoaji, na anachokitoa ni kikubwa kuliko jibu lililomshinda. Na ni mtu gani asiyejua jina la mji hata mmoja?

Utamu wake unazidi katika nchi ile ya dhahabu. Mtoto wa Ibadakuli anaweza kukupa Geita, ambako mgodi mkubwa ulianza kuzalisha mwaka 2000, au akakupa Mwadui, ambako John Williamson alipata almasi mwaka 1940. Wenye hati za migodi ni wengine, lakini barazani mtoto asiye na viatu hutoa mji mzima kwa mkono mmoja, na hakuna amwulizaye cheti cha umiliki.

Ushairi wetu wenyewe umewahi kuipoteza faini hii. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyefariki mwaka 1969, alituachia ngonjera, na Ngonjera za Ukuta zilianza kutoka mwaka 1970. Ni utungo wa kuulizana na kujibizana, wenye ufundi mkubwa wa jukwaani, na sipunguzi heshima ya mwasisi wake. Lakini katika ngonjera nyingi zilizofuata, hasa zile za kusomwa mbele ya wageni wa serikali baada ya Azimio la Arusha la 1967, tunajua tangu ubeti wa kwanza kwamba asiyejua ataelimishwa, atakubali, na atashukuru. Hatoi kitu. Amewekwa pale ili mjuzi apate wa kumfundisha. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya ngonjera nyingi za skuli zisahauliwe mara tu makofi yalipokwisha.

Nirudi kwa wale marafiki wa Ibadakuli. Aliyeko Geita aliacha masomo darasa la saba akaenda kwa wachimbaji wadogo. Mwanzoni, wenzake walinieleza, alikuwa akijibu kila usiku, mara nyingi kwa mzaha. Kisha akawa anajibu siku moja moja, na nilipofika mimi alikuwa hajajibu kwa muda mrefu. Hakugombana na mtu. Maswali yalikuwa yametoka katika vitabu vya madarasa ambayo yeye hakuyafikia, na mchezo haukumpa la kufanya isipokuwa kunyamaza. Mimi niliyejifundisha mwenyewe, nikasoma vitabu vya kuazima, nakijua kimya hicho. Ni kimya cha mtu ambaye hajakatazwa kuingia, lakini kila akiingia hukuta hakuna kiti.

Nao wenzake hawakuuanzisha mchezo kwa ajili ya Australia wala kwa ajili ya pweza. Waliuanzisha ili kila usiku kila mmoja ajue kwamba mwenzake yu hai na amekumbukwa. Kwa kipimo hicho ndicho naupima, kama ninavyoipima tungo kwa kazi aliyoikusudia mtunzi wake. Kwa hao waliobaki, mchezo umefaulu. Kwa yule mmoja umeshindwa, na umeshindwa kwa kukosa sharti ambalo bibi zao walikuwa nalo.

Sitoi rai kwamba waache chemsha bongo warudi kwenye yai na nanasi. Maswali ni yao, na zama ni zao. Nasema tu kwamba asiyejua adaiwe mji, na aliyeuliza aende huko kwa maneno kabla ya kutoa jibu. Huyo wa Geita anaijua miji ambayo wenzake hawajaikanyaga: makambi ya wachimbaji yanayoota kwa mwezi mmoja na kuhama kwa usiku mmoja. Akiwapa mmoja wa hiyo, watalazimika kumwuliza wao namna unavyofikiwa, watu wake wanakula nini, na usiku wanalala wapi. Hayo ni maswali ambayo yeye peke yake ana majibu yake.